Mama ameniuliza: ukifa tukuzike wapi?

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mhasibu katika ghala la mbegu hapa Arusha. Nimezaliwa Upare wa kusini, kule juu kwenye milima ya Same wanakolima tangawizi. Kwetu Usabato ni wa vizazi. Wamisionari wa kwanza wa Kisabato walifika milima ile mwaka 1903, na babu yangu alikuwa akituhadithia kwamba babu yake ni mmoja wa waliojifunzia kusoma kwao. Sasa katika ukoo mzima mimi ndiye niliyetoka.

Naomba kwanza ujue kwamba sijaumizwa na mtu. Nimelelewa kwa upendo mwingi. Ijumaa mchana mama alikuwa anainjika sufuria kubwa ya makande kwa sababu kesho yake hakuna kupika. Maji yameshachotwa, viatu vimeshapigwa rangi, nguo zimeshapigwa pasi ya mkaa. Jua likianza kuzama tunakaa barazani, tunafungua Sabato kwa wimbo na sala, na unawasikia majirani mteremko wa chini nao wanaimba. Nilikuwa Mtafuta Njia, yaani kwenye chama cha vijana wadogo wa kanisa letu, nikavaa skafu. Nilibatizwa kwa kuzamishwa mtoni nikiwa na miaka 12. Meza ya Bwana ya kwanza, wakati wa kutawadhana miguu, aliyeinama na beseni mbele yangu alikuwa mama yangu mzazi. Mpaka leo nikikumbuka mikono yake kwenye miguu yangu machozi yananitoka.

Lakini imani yenyewe iliniponyoka nikiwa chuo. Habari za mwaka 1844 na hukumu ya upelelezi, yaani fundisho letu kwamba tangu mwaka huo Kristo anachunguza mbinguni maisha ya kila anayemwamini, nilizisoma upya, nikauliza, nikajibiwa vizuri na watu wenye subira, na bado sikuweza tena kuziamini. Sikuweza kuamini kwamba sisi ndio kanisa la masalio na wengine wote wako gizani. Halafu kuna hofu. Nikiwa mtoto nilikuwa nalala macho nikiwaza kwamba mlango wa rehema umeshafungwa, na mimi nina kosa ambalo sijalitubu kwa sababu nimelisahau. Hofu hiyo bado inanijia usiku, hata sasa ambapo kichwani siiamini.

Mwaka juzi nilimwandikia karani wa kanisa, nikaomba jina langu liondolewe kwenye orodha ya washiriki, maana niliona ni unafiki kuendelea kuhesabiwa. Mchungaji alinipigia, akaniombea, hakunilaumu. Nikajitoa mwenyewe kwenye kundi la simu la kwaya. Sikujua kwamba simu ingekaa kimya namna ile.

Mama, bado nampenda Mungu, Yesu bado namwomba. Nilichokosa ni watu. Jumamosi ndiyo siku ngumu kuliko zote. Nafua nguo ilhali mikono inasita, kana kwamba naiba. Nimejaribu kutafuta. Nilienda kanisa moja kubwa la walokole, wakanipokea kwa vifijo, na haikupita muda nikaitwa pembeni kuambiwa kwamba upweke wangu ni kifungo cha ukoo, na kitafunguliwa nikipanda mbegu ya laki tano. Nikaenda kwa Walutheri. Moyo ulitulia, hata nyimbo nyingine nazijua, ila watu ni wengi mno. Niliingia na kutoka pasipo mtu kujua kwamba nilikuwepo.

Kisha jirani yangu Mkatoliki akanipitia Jumamosi moja alfajiri. Akasema leo jumuiya inasali kwao, nije nikae tu. Nikakuta viti vya plastiki uani na mshumaa juu ya kitambaa cheupe. Walisoma Injili, kila mmoja akasema neno lililomgusa, halafu likapita daftari la mchango wa mama mmoja anayeugua saratani, wakapangana nani ampelekee uji siku gani. Mzee mmoja akaniuliza kama nina jambo la kuombewa. Nikashindwa kujibu, nikalia mbele za watu. Wakaniombea bila kuuliza ninalilia nini. Nimekuwa nikienda tangu hapo, na kila nikitoka pale najiona msaliti, maana nimefundishwa tangu utoto kuwaogopa Warumi. Tena sina uhakika kama nataka kuwa Mkatoliki. Je, ninawadanganya watu wale?

Mama yangu alipojua kuhusu jina kuondolewa alinipigia Ijumaa, jua likiwa linakaribia kuzama. Hakufoka. Aliniuliza jambo moja: "Sasa mwanangu, ukifa tukuzike wapi?" Nikakosa jibu, na sijalipata hadi leo.

Jambo la mwisho linaweza kuonekana dogo. Kila mwisho wa mwezi bado natenga zaka. Siwezi kuzila, na sijui pa kuzipeleka. Zipo tu kwenye simu, zinaongezeka.

Nisaidie, mama.

Niliyebaki nje, Arusha

*

Marahaba mwanangu,

Nianze kwa kukuambia mimi ni nani, upate kuyapima maneno yangu. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, tena Mpare mwenzako, ila wa kaskazini, wa Usangi. Sitakuvuta uje kwetu, na sitakurudisha ulikotoka. Barua yako imenishika, na nitaanza na pale palipokuuma zaidi.

Mama yako alipouliza wakuzike wapi, wewe ulisikia tishio. Mimi nasikia kitu kingine. Mama Msabato anaamini kwamba mauti ni usingizi, kwamba waliolala katika Bwana watalala mpaka parapanda, na siku hiyo wataamka pamoja. Mwanamke wa namna hiyo akikuuliza kaburi lako litakuwa wapi, anakuuliza asubuhi ya ufufuo akufuate upande gani. Anaogopa kuamka asikuone. Kwa hiyo usimjibu kwa habari za 1844, na usimtumie vifungu vya Biblia kwenye simu. Mwambie: "Mama, nitazikwa nyumbani, karibu na bibi, na ninamwomba Yesu yule yule uliyenifundisha kumwomba." Kwamba bado unamwomba Yesu umeniandikia mwenyewe, na kama nyumbani ndipo unapotaka kulala, basi yaseme yote mawili. Yaseme kwa sauti, maana huenda tangu mwaka juzi hajasikia kutoka kinywani mwako kwamba bado unasali.

Ila swali lile lina upande wa pili ambao watu wetu wote wanaujua. Kwetu kanisa ndilo linalozika. Ndilo linaloleta turubai, viti, wapishi, kwaya na mchungaji wa kusema neno. Mtu asiye na kanisa anaonekana kama mtu ambaye jeneza lake litakosa wabebaji. Hofu hiyo imewaweka watu wengi kwenye mabenchi wasiyoyaamini, na imewasukuma wengine kujiunga haraka na dhehebu lolote lililofungua mlango. Sitaki ikusukume. Usichague mahali pa kumwabudu Mungu kwa kuogopa siku ya mazishi yako.

Hilo la mazishi lina njia yake. Mtaani kwako bila shaka kuna kikundi cha kufa na kuzikana. Waulize kina mama wa sokoni, au mjumbe. Jiunge, toa mchango wako wa kila mwezi, na zaidi ya yote uende misibani. Osha vyombo, menya viazi, kaa na wafiwa usiku. Nyumbani Usangi kuna familia ambazo kaka ni Mwislamu na dada ni Mlutheri, na sijaona maiti iliyolala juu ya ardhi kwa sababu hiyo. Vijana wa Kiislamu wanachimba kaburi la Mkristo wakiwa na kofia zao kichwani, na siku ya arobaini ya Mwislamu sisi ndio tuko jikoni. Anayezika wenzake atazikwa. Ukishajua kwamba jambo hilo lina mahali pake, utaweza kutafuta ibada kwa utulivu.

Sasa jumuiya ya jirani yako. Unaniuliza kama unawadanganya. Huwadanganyi, ila utakuwa unawadanganya ukiendelea kunyamaza hadi waanze kukuhesabu kuwa wao. Jumamosi inayokuja, kabla ya sala, mwendee mwenyekiti wa jumuiya umwambie: "Mzee, mimi nimelelewa Msabato. Nimetoka huko, na bado sijaamua niende wapi. Nimependa kusali nanyi. Naomba niendelee kuja kama mgeni." Mtu mzima aliyeweza kukuombea ukilia bila kukudadisi ataielewa sentensi hiyo. Akikuambia karibu, kaa. Akianza siku hiyo hiyo kukuandikisha mafundisho, shukuru kwa heshima na ushike msimamo wako wa ugeni. Sitarajii afanye hivyo. Kanisa Katoliki halipokei mtu mzima kwa papara. Kuna kipindi kirefu cha mafundisho kabla ya kupokelewa, na hakuna anayetakiwa kukianza kwa sababu tu amekaa kwenye kiti cha plastiki uani kwa jirani.

Ulichokiona pale uani, lile daftari la mchango na zamu za uji, kilikusudiwa hivyo. Maaskofu Wakatoliki wa ukanda wetu waliamua mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe ndiyo njia ya kulijenga kanisa, nyumba chache chache, watu wanaojuana kwa majina. Walutheri nasi tuna jumuiya za majumbani. Ndiyo maana ulipokuja kwetu hukuonwa. Uliingia kwenye ibada ya Jumapili ya usharika wa mjini, mahali penye ibada mbili au tatu na watu mamia kwa mamia, ukaketi nyuma, na pengine wageni walipoombwa wasimame wajitambulishe hukusimama. Sikulaumu, na sisi tunapaswa kuwa na macho zaidi. Ila kama ule utulivu ulioupata bado unakuita, usirudi kwa mlango ule mkubwa. Nenda katikati ya wiki kwenye ofisi ya usharika, uliza unakoishi ni mtaa gani na jumuiya gani, na mzee wa kanisa wa hapo ni nani. Huyo ndiye atakayekujua.

Lakini nikuambie na lile ambalo wengi hawalisemi. Jumuiya inayopeleka uji kwa mgonjwa ndiyo hiyo hiyo inayoandika nani hakuja. Kwa Wakatoliki na kwa Walutheri vile vile, ukitaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kuzika, jumuiya itaulizwa kama wanakufahamu. Ni utaratibu mzuri unapolinda watu wasiachwe peke yao. Unakuwa mchungu pale familia yenye msiba inapoanza kusomewa orodha ya mahudhurio na michango ambayo marehemu hakutoa. Umetoka kwenye hofu ya mlango wa rehema. Sitaki uingie kwenye hofu ya daftari. Kwa hiyo wakati unakaa pale kama mgeni, angalia wanavyomzungumzia mtu aliyeacha kuja. Wakisema "tumtembelee, huenda anaumwa", hapo kuna watu wa Mungu. Wakisema "akifiwa atatukuta", utakuwa umejifunza jambo kabla hujaingia. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko uzuri wa mahubiri, kuliko kwaya, kuliko hata usahihi wa mafundisho, maana mafundisho utayachunguza miaka yote, lakini namna watu wanavyomtendea asiyekuwepo utaiona ndani ya miezi michache.

Pamoja na hicho, angalia kama swali linaruhusiwa. Wewe una akili ya kuuliza, na haitapotea kwa kuhama. Muulize padri, mchungaji, katekista jambo moja gumu ambalo kweli linakusumbua. Akikuambia "sijui, tulitafute pamoja", huyo mshike.

Wale waliokuambia utoe laki tano umewakimbia, na nafurahi. Usirudi hata wakikupigia simu kwa upendo mwingi kiasi gani. Mtu aliyetoka kwenye imani ya utotoni anatembea kama mwenye kidonda wazi. Wajanja wanakiona kutoka mbali, na neno la kwanza wanalompa ni kwamba upweke wake ni laana. Moshi mwaka 2020, kwenye uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kupita juu ya mafuta waliyoambiwa ni ya upako. Kule Kilifi, Kenya, kwenye msitu wa Shakahola, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye kiu kama yako, wakakutana na mtu mmoja aliyesema anayo maji peke yake. Popote ambapo kiongozi ni mmoja, hakuna baraza linaloweza kumwambia hapana, hesabu za sadaka hazisomwi, na unaambiwa upunguze mawasiliano na ndugu zako, toka siku hiyo hiyo. Hapa Tanzania kila kanisa linatakiwa kusajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na mtu ana haki ya kuuliza cheti. Cheti peke yake hakikuhakikishii kwamba watu ni wema, lakini anayekasirika ukikiulizia amekujibu.

Jambo jingine: usikubali kubatizwa upya kwa sababu ya kuharakishwa. Ulizamishwa mtoni kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Ubatizo huo Walutheri, Waanglikana na Wakatoliki hawaurudii. Siku ukitaka kujiunga nao utafundishwa, utaikiri imani na kupokelewa, basi. Lilichokupa kanisa la mama yako siku ile kinabaki kuwa chako, kokote utakakokwenda. Nakuambia hili kwa sababu katika barua yako unajiona kama mtu aliyeacha kila kitu mlangoni. Hukuacha. Hata uzoefu wako wa kusali kwa maneno yako mwenyewe, kusoma Biblia ukiwa umeishika mkononi, kuimba sauti nne bila kinanda, umekwenda navyo hadi uani kwa jirani, na sitashangaa kama wale wazee wamekupenda kwa hayo.

Na Jumamosi yako. Mwanangu, pumzika. Kama mikono inasita kufua, fua Jumatano jioni. Hakuna Mlutheri wala Mkatoliki aliyekatazwa kupumzika siku ya saba. Tunachobishana ni kama ni sharti la wokovu, na kwa hilo wewe umeshapata jibu lako. Pika makande Ijumaa. Jua likizama, zima simu, washa taa, imba ule wimbo mliokuwa mnaimba barazani. Alika mtu mmoja ale nawe kesho yake mchana, yule jirani, au msichana wa kazini anayeishi peke yake. Watu wengi wanaohama dini hujilazimisha kuchukia kila kilichokuwa kitamu ili wajihakikishie kwamba walifanya vyema kuondoka. Ni mateso yasiyo na faida. Ulichokiacha ni fundisho ambalo hukuweza kuliamini. Pumziko halikukukosea chochote. Jumuiya inasali alfajiri na kumaliza mapema, kwa hiyo siku yote inabaki mikononi mwako.

Hofu ya usiku ni ya kutendewa kwa upole. Haiondoki kwa hoja kwa sababu haikuingia kwa hoja. Iliingia ukiwa mtoto, gizani, peke yako. Ikikujia, usibishane nayo kitandani. Inuka, kunywa maji, soma Zaburi moja kwa sauti, ya 139 inafaa, kisha urudi kulala. Ikiwa inakunyima usingizi usiku mwingi, au inakufuata mpaka kazini, nenda hospitali ya mkoa uombe kuonana na mshauri wa afya ya akili, kama ambavyo ungeenda kwa kikohozi kisichopona. Na umwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba unayo. Nimeongea na watu waliolelewa katika imani mbalimbali, Waislamu na Wakristo, na wengi walikuwa na hofu moja ya utotoni ambayo hawakuwahi kumtajia mtu. Walipoitaja ilipungua nguvu.

Habari ya zaka si ndogo hata kidogo, na nimeipenda kuliko yote uliyoandika. Mtu anayetenga sehemu ya kumi wakati hakuna anayemdai ni mtu ambaye Mungu bado yumo kwenye mahesabu yake. Usizipeleke kwa mhubiri yeyote mpaka uwe na mahali unapopaita kwako. Yule mama wa saratani yupo. Uliza anahitaji nini hasa. Mara nyingi dawa zinapatikana na nauli ya kwenda kliniki ndiyo inayokosekana. Lipa nauli. Kwenye kijiji chenu hakosekani mtoto aliyefaulu kwenda sekondari akakosa madaftari na sare. Mwombe mama yako akuchagulie. Mwombe yeye hasa. Atajua kwamba fedha zile ni zaka, na atajua aliyekufundisha kuzitenga ni nani.

Kuhusu huyo mama yako nina ombi moja zaidi. Mwaka huu makambi yakifika, ile mikutano ya ibada ya kila mwaka ya kanisa lake, panda basi uende. Huendi kurudishiwa jina, na mwambie hivyo mapema asije akakaa wiki nzima akingoja utembee mbele wakati wa wito. Nenda ukae naye, umbebee mkeka, uimbe naye. Kanisa lake halimkatazi mtu aliyetoka kuingia kusali. Watu watakutazama, wengine watanong'ona, na mama yako atayaona hayo macho pamoja nawe, jambo ambalo sasa hivi analibeba peke yake kila Sabato wanapomuuliza habari zako.

Mama akikuuliza unasali wapi siku hizi, usimfiche habari za jumuiya. Najua neno Wakatoliki litamshtua. Usianze na jina la dhehebu. Anza na yule mgonjwa na zamu za uji, na wewe umepangiwa siku gani. Ngoja aulize ni watu wa kanisa gani, kisha mjibu kweli.

Kama mwaka utapita na bado hujaona pa kujiunga, utakuwa mgeni wa mwaka mmoja. Wapo waliokaa wageni muda mrefu zaidi, na walikuwa wakila, wakiomba na kuzika pamoja na wenyeji wao bila shida. Yule mzee aliyekuuliza kama una jambo la kuombewa, safari hii mwambie ni hili: mama yangu, na usingizi wangu. Kisha niandikie unijulishe amesemaje.